Warfarini au vidonge vipya? Uliza vali kabla ya kuuliza bei

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii hunijia kila ninapofungua faili na kukuta mwandiko wa daktari mwenzangu: "Ameachishwa warfarini, ameanzishwa rivaroksabani." Mara nyingi mwandiko wenyewe una raha ndani yake, kama wa mtu aliyemtua mgonjwa mzigo. Nami huuliza swali moja tu, ambalo jibu lake aghalabu halimo kwenye faili: vali ya mitrali, ule mlango ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, ikoje?

Nawaandikia madaktari wa wodi na kliniki za magonjwa ya ndani kuanzia Nakuru kushuka hadi Kisumu, Busia na Homa Bay, mnaokutana na moyo unaodunda ovyo, yaani fibrilesheni ya atiria, ambayo wodini sote twaiita AF. Mgonjwa amefika siku ya kliniki, nyuma yake kuna foleni ya watu arobaini, na ni lazima aondoke na dawa ya kuzuia damu kuganda. Umpe warfarini ya tangu jadi, au mojawapo ya vidonge vipya: dabigatrani, rivaroksabani, apiksabani? Kuna na edoksabani, lakini mimi sijawahi kuiona kwenye rafu ya duka la dawa huku kwetu, basi nitaiacha ilipo. Na kuna aspirini, ambayo haistahili kushindanishwa na hizi lakini bado inaandikwa. Nianze na hiyo tuiondoe njiani.

Aspirini itoke kwanza

Mzee wa miaka 70 kutoka Ahero, mwenye presha ya miaka mingi, ECG, kipimo cha umeme wa moyo, imeonyesha AF. Anaruhusiwa kwenda nyumbani na aspirini ya miligramu 75 kwa sababu "warfarini itamvujisha damu". Nimeliona hili mara nyingi, na nikiwa daktari mchanga nimelifanya mwenyewe. Jaribio la AVERROES la mwaka 2011 lilichukua watu 5,599 wa namna hiyohiyo, walioonekana hawaifai warfarini, likawagawa kwa kura kati ya apiksabani na aspirini. Waliopata kiharusi au bonge la damu lililorukia kiungo kingine walikuwa asilimia 1.6 kwa mwaka kwa apiksabani, na asilimia 3.7 kwa aspirini. Kuvuja damu kwingi kulikaribiana pande zote mbili. Kumbe yule mzee wa Ahero hakupewa kinga, wala hakuepushwa na damu. Mwongozo wa Ulaya wa 2024 umekataza aspirini isishike nafasi ya dawa hizi kwenye AF. Akiwa na sababu nyingine ya kuinywa, kama mshipa wa moyo ulioziba, hilo ni jambo lake mbali.

Vali ndiyo hakimu

Vidonge vipya vilijijengea jina kwa majaribio matatu makubwa. RE-LY la 2009 lilipima dabigatrani kwa watu 18,113. ROCKET AF la 2011 lilipima rivaroksabani kwa watu 14,264. ARISTOTLE la mwaka huohuo wa 2011 lilipima apiksabani kwa watu 18,201. Matokeo yalikuwa mazuri, na nitayarudia. Ila soma orodha ya waliokataliwa mlangoni: wenye mitrali iliyobanwa kiasi cha kusumbua moyo hawakuingizwa. Wagonjwa wa majaribio hayo wengi wao ni wazee wenye presha na kisukari. Wapo kwetu pia, na wanaongezeka. Lakini ingia wodi ya wanawake uone anayehema kitandani kando ya dirisha. Ana miaka 30 na kitu, koo lilimuuma utotoni pasipo penisilini, na leo mitrali yake imekuwa kama mdomo wa samaki. Orodha ya wagonjwa wa AF 15,400 kutoka nchi 46, iliyochapishwa mwaka 2014, iliweka tofauti hii wazi: ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi, yaani huu unaoanzia kwenye koo na kuishia kuharibu vali, ulikuwa kwa asilimia 2.2 ya wagonjwa wa Amerika Kaskazini na asilimia 21.5 ya wagonjwa wa Afrika. Kwetu ni mmoja katika kila watano.

Hapa nina kisa changu. Kabla ya 2022 nilikuwa na mama mmoja muuza omena, mitrali imebanwa, AF ya kudumu, INR yake, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, kinachotakiwa kuwa kati ya 2 na 3, inarukaruka: leo 1.2, mwezi ujao 5. Alikuwa akitumia nauli nyingi kuliko dawa. Nikamhamishia rivaroksabani, nikajiona nimemtendea wema. Yeye alifurahi, mimi nikafurahi zaidi. Hoja niliyojipa ilikuwa nyepesi: kama kidonge kipya kinazuia damu kuganda bila ya kupimwapimwa, basi kitamfaa zaidi yule ambaye vipimo vinamshinda.

Agosti 2022 matokeo ya INVICTUS yakasomwa Barcelona. Hili ndilo jaribio kubwa la kwanza lililowaendea wagonjwa wetu hasa: watu 4,531 wenye AF na moyo wa baridi yabisi, kutoka nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Wastani wa umri ulikuwa miaka 50.5, na wanawake walikuwa asilimia 72. Nusu walipewa rivaroksabani, nusu warfarini au jamaa zake. Wengi, nami nikiwemo, tulitarajia kidonge kipya kishinde, au walau walingane. Warfarini ikashinda. Kiharusi, bonge kwingineko, mshtuko wa moyo, au kifo cha moyo na mishipa au kisichojulikana sababu, vyote kwa pamoja: watu 560 kati ya 2,275 wa rivaroksabani, dhidi ya 446 kati ya 2,256 wa warfarini. Vifo peke yake vilikuwa 552 dhidi ya 442. Kuvuja damu kwingi hakukutofautiana kiasi cha kuhesabika, ingawa damu iliyoua ilikuwa chache zaidi kwa rivaroksabani.

Jambo linalonikosesha usingizi ni namna vifo vilivyopungua kwa warfarini. Havikupungua kwa sababu ya kiharusi pekee, bali hasa vile vya ghafla na vya moyo kushindwa kusukuma damu. Kwa nini dawa ya kuzuia mabonge ipunguze vifo vya moyo kuchoka? Kuna wanaosema aliye kwenye warfarini huonwa kila mwezi, na anayeonwa kila mwezi hugunduliwa mapema miguu ikianza kuvimba. Wengine wanataja kwamba waliopewa rivaroksabani waliiacha kwa wingi zaidi. Hata zikiwa hoja zote mbili ni kweli, hazimpi mtu ruhusa ya kuyapuuza matokeo. Kama ile safari ya kila mwezi ni sehemu ya tiba, basi nilipomwondolea muuza omena safari zake nilimwondolea na tiba.

Tena wasituambie warfarini ilishinda kwa kuwa INR za jaribio zilikuwa za kupendeza. Walipoanza, ni asilimia 33 tu waliokuwa ndani ya kiwango cha 2 hadi 3. Baadaye wakapanda hadi kati ya asilimia 56 na 65. Ni INR za kawaida kabisa, za watu wa kawaida.

Nilimwita yule mama. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Daktari, si wewe uliyenitoa kwenye dawa ya panya? Sasa unanirudisha?" Ni kweli, warfarini ilianza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948 kabla ya kukubaliwa kwa binadamu mwaka 1954, na habari hiyo ilifika Kibuye sokoni kabla yangu. Sikuwa na jibu la kitaalamu. Nilimwambia tulipima wanawake kama yeye, maelfu, na waliomeza hii ya zamani waliishi zaidi. Akachukua kadi.

Kwa hiyo mstari wangu ni huu. Mitrali iliyobanwa na baridi yabisi kwa kiasi cha kati au zaidi ni ya warfarini, na miongozo ya Marekani ya 2023 na ya Ulaya ya 2024 inasema hivyohivyo. Mojawapo ya vigezo vya INVICTUS vya kumpokea mgonjwa ilikuwa upana wa vali wa sentimita 2 za mraba kushuka, na mimi nafuata kipimo hicho. Hapa hata zile alama za kuhesabu hatari ya kiharusi hazihitajiki: mitrali imebanwa, AF ipo, mgonjwa anahitaji warfarini hata kama ana miaka 25 na presha yake ni ya mwanariadha wa Iten.

Vali ya chuma nayo haina mjadala. RE-ALIGN lilijaribu dabigatrani kwa vali za chuma, likasimamishwa na kuchapishwa 2013 kwa sababu viharusi vilizidi na damu ikazidi. Miaka kumi baadaye PROACT Xa likajaribu apiksabani kwa aina moja ya vali ya chuma ya aota, yaani ya mlango wa mshipa mkuu wa moyo, nalo likakatizwa mapema. Vali ya tishu ni habari nyingine: jaribio la RIVER la Brazil, 2020, watu 1,005 wenye AF na vali ya tishu kwenye mitrali, lilikuta rivaroksabani haipitwi na warfarini. Mitrali inayovuja bila kubanwa, au aota iliyobanwa kwa uzee, havimnyimi mtu kidonge kipya.

Vali ikiwa haina neno

Hapa mizani inageuka, na inageuka kwelikweli. ARISTOTLE lilionyesha apiksabani ikipunguza kiharusi na mabonge kwa asilimia 21 kuliko warfarini, kuvuja damu kwingi kwa asilimia 31, na vifo kwa asilimia 11. Rivaroksabani haikupitwa na warfarini katika kuzuia kiharusi, na damu ya ndani ya fuvu ilikuwa chache. Dabigatrani ya miligramu 150 mara mbili kwa siku iliipita warfarini katika kuzuia kiharusi. Shirika la Afya Duniani liliviingiza vidonge hivi kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Anayemwandikia mzee wa presha mwenye vali nzima warfarini kwa mazoea tu, ilhali mzee ana uwezo wa kununua apiksabani, anamnyima kitu.

Kati ya vile vitatu mimi huchukua apiksabani, miligramu 5 asubuhi na jioni. Figo huondoa kama robo yake tu, haidai chakula, na rekodi yake ya damu ni nzuri. Udhaifu wake ni kuwa ya mara mbili: anayesahau cha jioni anabaki bila kinga hadi kesho.

Rivaroksabani ni ya mara moja, miligramu 20, na hiyo ndiyo sifa inayouza. Masharti yake husemwa haraka mno kliniki: lazima imezwe pamoja na chakula. Kikimezwa tumbo likiwa tupu, karibu theluthi moja ya kidonge hupotea bure. Kwa mtu ambaye asubuhi yake ni chai ya rangi na mlo wa maana ni wa usiku, kuandika "asubuhi" ni kumpunja dozi. Mwandikie "na ugali wa jioni", maneno hayohayo, kwenye pakiti.

Dabigatrani siipendi sana kwa ukanda huu. Asilimia 80 yake hutoka kwa figo, na kreatinini za wagonjwa wetu, kipimo cha kazi ya figo, hatuzipimi mara nyingi tunavyopaswa. Huchoma tumbo. Kapsuli zake haziwezi unyevunyevu wala hazitolewi kwenye pakiti ya kiwandani. Mtu akizimwaga kwenye kile kikopo cha vidonge vyake vyote nyumbani kwake Mbita, kandokando ya ziwa, hujui tena anameza nini. Ina heshima moja: dawa yake ya kuikata, idarusizumabu, ilikubaliwa mwaka 2015. Lakini uliza stoo ya hospitali yako kama ipo kabla ya kuitegemea. Warfarini ikizidi, vitamini K na plazma hata hospitali ya kaunti huwa nazo.

Kosa ninalolikuta kuliko yote si la kuchagua dawa bali la dozi: apiksabani ya miligramu 2.5 mara mbili "ili tuwe salama". Dozi hiyo kwa AF ni ya mwenye mambo mawili kati ya matatu: umri wa miaka 80 au zaidi, uzito wa kilo 60 au chini, kreatinini ya mikromoli 133 kwa lita au zaidi. Mama mwembamba wa kilo 52, miaka 66, figo nzuri, anastahili 5 kamili. Wembamba wa watu wetu unatudanganya macho. Dozi ndogo isiyo na sababu inaacha kiharusi palepale na inakula pesa zilezile.

Nani atapima INR, na wapi

Wenye kuipinga warfarini huniambia haiwezekani huku. Nawaelewa, nimefanya kazi mahali ambapo majibu ya INR yalitoka baada ya mgonjwa kurudi kwao. Hata hivyo kliniki ya warfarini ya Eldoret, katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, inayoendeshwa na wafamasia, iliripoti mwaka 2011 kwamba wagonjwa wake walikuwa ndani ya kiwango kwa zaidi ya asilimia 60 ya muda. Hiyo ni karibu sawa na majaribio ya nchi tajiri. Siri haikuwa mashine bali mwenye kazi: mtu mmoja anayejua kadi za wagonjwa, anayepiga simu, anayebadilisha dozi kwa utaratibu ulioandikwa badala ya kwa hisia za daktari wa zamu. INR ya 1.8 haihitaji dozi mpya kabisa. Badilisha jumla ya wiki kwa kama asilimia 10, au acha, upime tena.

Kwa mgonjwa wa baridi yabisi kuna njia ya mkato ambayo sijui kwa nini hatuitumii kila mahali. Anakuja kila wiki nne kudungwa benzathini penisilini. Siku hiyohiyo iwe siku ya INR. Kidole kidungwe kwanza, INR isomwe, ndipo sindano ya msuli ifuate. Nauli moja, foleni moja, na hakuna kudunga msuli wa mtu mwenye INR ya 6.

Kuhusu pesa, nakataa kulinganisha bei ya kidonge na kidonge. Warfarini ni rahisi dukani. Jumlisha INR, jumlisha boda hadi stejini na matatu hadi mjini na kurudi, jumlisha siku ambayo kibanda cha nyanya hakikufunguliwa, kisha uweke kando ya apiksabani ya jenereki kutoka India. Kwa anayekaa Kondele, karibu na hospitali, warfarini bado ni nafuu. Kwa wa Mfangano anayevuka kwa boti, hesabu inaweza kupinduka. Fanya hesabu hiyo naye, kwa sauti, na kwa miezi mitatu. Kwa sababu hatari kubwa ya vidonge vipya ni pesa kwisha: kinga yao hutoweka ndani ya siku moja au mbili, ilhali warfarini huisha polepole. Mtu wa kununua vidonge kumi leo na kumi mwezi ujao ni afadhali abaki na warfarini.

Anameza nini kingine?

Hapa ndipo magharibi mwa Kenya panapotofautiana na vitabu. Homa Bay, Kisumu na Siaya ndizo kaunti zenye kiwango cha juu kabisa cha HIV nchini, na kifua kikuu hakiko mbali nayo.

Rifampisini huporomosha apiksabani na rivaroksabani hadi karibu nusu. Usizitumie pamoja. Warfarini nayo huporomoka, lakini walau unaona kwenye INR na unaweza kupandisha, wakati mwingine mara mbili, mara tatu au zaidi. Hatari inakuja mwezi wa saba. TB imeisha, rifampisini imeachwa, kila mtu anapongezana, na dozi kubwa ya warfarini imebaki palepale. Ini, ambalo rifampisini ililifanya liivunje warfarini kwa kasi, hulegea taratibu kwa wiki kadhaa na INR inapaa. Weka miadi ya wiki mbili na ya wiki nne baada ya kidonge cha mwisho cha TB siku ileile unayoipandisha warfarini. Na ukumbuke ile kinga ya TB ya kila wiki yenye rifapentini: mgonjwa haihesabu kuwa dawa kwa sababu haumwi.

Dolutegraviri, mojawapo ya ARV, haina ugomvi wa maana na yoyote kati ya dawa hizi za kuzuia damu kuganda, na hilo limetupunguzia kazi. Aliye kwenye mstari wa pili wenye ritonaviri ni tofauti: apiksabani na rivaroksabani hupanda. Uliza ARV kwa jina, usiandike "yuko kwenye ARV" ukapita.

Septrini, Flagili na flukonazoli huipandisha warfarini haraka, na zote tatu zinauzwa dukani bila swali. Vidonge vya maumivu vya kioski, vingine vikiwa na aspirini ndani, huvujisha damu kwa dawa yoyote utakayochagua. Kuhusu manyasi, yaani dawa za mitishamba, nauliza kwa upole, pasipo kukunja uso, maana nikikunja uso ninajibiwa "hapana daktari" na manyasi yanaendelea.

Na mboga. Tumewakataza watu sukuma wiki, osuga na kunde kana kwamba ni sumu, kisha tunashangaa INR zinaruka. Mwanamke wa Kisumu asiyekula mboga atakula nini na ugali, samaki kila siku? Mwambie ale kama alivyozoea, kiasi kilekile wiki hadi wiki, nasi tutaipima dozi kwa sahani yake. Wanaopata shida ni wale wanaoacha mboga wiki moja kabla ya kliniki kwa kumwogopa daktari.

Mimba, uzee na bonge la mguuni

Mwanamke mwenye mitrali iliyobanwa mara nyingi yuko kwenye umri wa kuzaa. Vidonge vipya havitakiwi kwenye mimba wala kunyonyesha. Warfarini huharibu mtoto hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, ila wakati wa kunyonyesha ni salama. Mazungumzo ya uzazi yafanyike siku unayoiandika, mume akiwepo kama mama anataka awepo. Kipandikizi au koili ni bora kuliko vidonge vyenye estrojeni.

Kwa wazee dhaifu, jaribio la FRAIL-AF la Uholanzi, 2023, liliwachukua 1,330 wenye miaka 75 na zaidi waliokuwa wametulia kwenye dawa za jamii ya warfarini. Waliohamishiwa vidonge vipya walivuja damu zaidi: asilimia 15.3 dhidi ya 9.4. Basi mzee wa Bondo aliyekaa miaka minane na INR ya 2.5, akijua kadi yake kuliko unavyoijua wewe, mwache. Kama ni mgonjwa mpya wa umri huo, asiye na tatizo la vali, huyo mwanzishe apiksabani.

Kwa bonge la mguuni au la pafu, vidonge vipya vimeshinda wazi. AMPLIFY la 2013: apiksabani miligramu 10 mara mbili kwa siku saba, kisha 5 mara mbili, bila sindano za heparini, na kuvuja damu kwingi asilimia 0.6 dhidi ya 1.8 ya heparini na warfarini. Anayebaki nje ni mwenye TB anayemeza rifampisini, mama anayenyonyesha, na mwenye kingamwili za fosfolipidi, zile zinazoifanya damu igande ovyo, zikiwa chanya zote tatu. Kwa kundi hilo la mwisho jaribio la TRAPS, 2018, lilisimamishwa kwa kuwa waliomeza rivaroksabani waliziba mishipa.

Kuna na wageni wanaobisha hodi, dawa za kuzuia faktari XI, mojawapo ya protini za kugandisha damu, zinazoahidi kinga bila damu kuvuja. Asundeksiani ilishindanishwa na apiksabani kwa watu 14,810, jaribio likasitishwa Novemba 2023 kwa sababu viharusi vilikuwa vingi zaidi. Abelasimabu bado iko kwenye majaribio. Sitaki kuzisema zaidi mpaka zifike.

Ukiamua kumhamisha

Kutoka warfarini kwenda apiksabani: iache warfarini, subiri INR ishuke chini ya 2, ndipo uanze. Usimwambie "ukimaliza hizi anza hizi". Kurudi kwenye warfarini ndiko kunakotega: anza warfarini huku kidonge kipya kinaendelea, upime INR muda mfupi kabla ya dozi inayofuata ya kidonge hicho, kwa kuwa chenyewe kinaweza kuipandisha INR kwa uongo, na ukiache INR ikifika 2. Yule muuza omena ilimchukua siku tisa. Nilimpigia simu mara nne, na mara ya nne alicheka akaniuliza kama wagonjwa wengine wamekwisha.

Na kwenye fomu ya eko, kile kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, tafadhali, usiandike "AF" peke yake. Andika: "Mitrali imebanwa? Upana wake ni sentimita ngapi za mraba?" Majibu yakirudi bila namba, irudishe fomu. Wakati unasubiri, kama ana miaka chini ya 50 na ulisikia mngurumo kileleni mwa moyo, anza na warfarini.